Fyuzi ya Thelathini na Tano

Miaka ile ya sabini nilikuwa dereva wa gari la afya pale Kasulu. Lilikuwa gari la kupanda milima, magurudumu yote manne yanavuta, bodi la bati nene la rangi ya kijivu, na nyuma viti viwili virefu vinavyotazamana. Kazi yetu ilikuwa kumpeleka sista na masanduku yake ya chanjo vijijini: Titye, Buhigwe, na huko ndani ambako barabara inaishia migombani na unageuza gari kwa kubahatisha.

Watu walikuwa wamehamishwa si muda mrefu kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, wakapangwa kwenye vijiji vipya, nyumba kwa mstari. Wengi walikuwa hawajaimeza habari hiyo. Sindano walikuwa hawaijui vizuri, lakini gari la aina ile walilijua, maana ndilo lililokuja na amri ya kuhama. Basi tulipotokea, wanaume walisimama mbele ya nyumba mikono nyuma, na akina mama wakabeba watoto wakapotelea migombani. Tulikuwa tunakaa nusu siku chini ya kivuli cha gari, sista na sanduku lake, barafu inayeyuka.

Ndipo ofisi ikaamua gari lifungwe kipaza sauti, ili sista awaeleze watu kwa Kiha tukiwa bado mbali kwamba hatujaja kuhamisha mtu. Vikaletwa vifaa kutoka Kigoma: amplifaya ya ukubwa wa boksi la viatu, spika ya bati ya kuweka juu ya paa, na kinasa sauti chenye waya uliojisokota. Fundi wa kuvifunga hakuwepo serikalini. Katika mji mzima wa Kasulu aliyejua umeme wa gari alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Mrundi.

Alikuwa amekuja na mkewe na watoto wawili, pamoja na wale waliovuka mpaka wakikimbia mauaji ya kwao. Alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga, akaweka benchi lake nje chini ya kipande cha bati. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa koti la suti hata jua la saa saba. Lugha yake na Kiha chetu vinakaribiana kiasi kwamba mnaweza kuongea siku nzima bila kutafsiriana, ila kila baada ya maneno matatu manne kuna moja linalokwambia huyu si wa hapa. Hilo moja ndilo tulilokuwa tunalisikiliza. Mjini ilisemwa kwamba alikuwa askari kwao. Wengine walisema hakukimbia vita, alikimbia wizi. Kuna aliyesema redio aliyokuwa anaitengeneza kila siku ni ileile moja, na si ya kusikiliza muziki. Mimi sikuanzisha hata moja ya habari hizo, lakini nilizipeleka mbele, na mojawapo niliiongezea chumvi yangu.

Siku ya kufunga kipaza sauti nilisimama juu ya kichwa chake tangu asubuhi. Nilihesabu skrubu alizofungua na nikahesabu alizorudisha. Alisoma kile kijitabu cha amplifaya, akapitisha kidole kwenye mistari mpaka akafika penye namba.

"Inakula ampea saba," akasema. "Tutaiwekea fyuzi ya kumi."

Nikamwonyesha kikasha cha fyuzi cha gari lenyewe. Kilikuwa na fyuzi mbili tu, vichupa vidogo vya kioo, na ndani ya kila kimoja kikaratasi kilichoandikwa thelathini na tano. "Kwa nini usiunganishe hapa? Si zipo?"

"Hizo ni za gari, honi na waipa. Hiki ni kitu cha kuongeza, na waya wake ni mwembamba. Kitakuwa na njia yake kutoka kwenye betri na fyuzi yake peke yake."

"Na hiyo kumi ikiungua?"

"Ikiungua, shukuru."

Sikulipenda jibu hilo hata kidogo. Fundi gani anayetaka kazi yake iungue na mwenye gari ashukuru? Akatoboa tundu kwenye bati linalotenga injini na miguu ya dereva, akalivalisha raba, akapitisha waya, akafunga kikasha kidogo cha fyuzi kando ya betri. Akanipa fyuzi mbili za akiba za kumi. Nazo nilizitazama juani kama mtu anayetazama noti ya bandia.

Safari ya kwanza tulikwenda Titye. Tulipofika kwenye kilima cha kuingilia kijiji, sista akashika kinasa sauti. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Buhigwe, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Akaanza taratibu kwa Kiha, akawasalimu, "Mwakeye," akawaeleza sisi ni nani. Sauti ikaenda vizuri mpaka bondeni. Kisha akaona vitenge vinakimbia kuelekea migombani, naye akapaza: "Akina mama, msikimbie! Msikimbie, tume..."

Kimya.

"Umegusa nini?" akaniuliza.

"Sijagusa kitu, sista."

"Mkono wako ulikuwa wapi?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye usukani, lakini namna alivyouliza nikautazama mwenyewe. Nilishuka nikafungua boneti, nikatoa fyuzi, uzi wake wa ndani umekatika, kioo kimeingia moshi. Nikaweka ya akiba. Ikafanya kazi. Siku hiyo hakuna mama aliyetoka, ila mmoja tu, tena kuuliza. Alisimama mbali kidogo, mtoto mgongoni, akamwambia sista, "Yule aliyekuwa anaongea alitaka kusema nini wakamnyamazisha?"

"Ni mimi niliyekuwa naongea. Hakuna aliyeninyamazisha. Ni chombo kimeharibika."

Yule mama akatikisa kichwa kwa heshima kabisa, kama mtu anayeelewa kwamba mwenzake hana ruhusa ya kujibu, akaondoka.

Wiki iliyofuata huko Buhigwe ikawa vilevile. Sista akiongea polepole, sauti inakwenda. Akipaza, inakatika. Mwenyekiti wa kijiji akacheka mbele ya watu kwamba serikali imekauka koo. Tuliporudi mjini nilimpelekea fundi zile fyuzi mbili zilizoungua. Alizigeuza kwenye mwanga, moja baada ya nyingine, na uso wake ukakunjamana.

"Tatizo nini?" nikamuuliza.

"Sijui bado. Niachie gari siku moja nipime."

"Siku moja hapa kwako?"

"Hapa, au kwenye uwanja wenu. Siku moja tu."

Nilimwambia gari la serikali halilali kwenye benchi la mtu. Wala sikupeleka ombi lake ofisini. Alinitazama, akatoa fyuzi nyingine za kumi kutoka kwenye kopo, akanipa pamoja na zile zilizoungua. Moyoni nikasema, sawa, nimekuelewa. Unatupa mbovu ili turudi kwako kila wiki, na kila tukirudi unapata nafasi ya kuingiza kichwa kwenye gari la serikali.

Mwezi huohuo nilitumwa Kibondo kuchukua mafuta ya taa ya friji la chanjo, kwa kuwa yetu yalikuwa yamekwisha. Pale sokoni kulikuwa na duka la mfanyabiashara mmoja, Mwislamu, mtu mwenye ndugu zake Tanga, ambaye aliuza kila kitu kuanzia utambi wa taa mpaka minyororo ya baiskeli. Nikamuuliza kama ana fyuzi za gari. Akatoa kopo la maziwa lililojaa vichupa vya kioo.

"Ya gari gani, bwana?"

Nikamwonyesha kwa kidevu gari lililokuwa nje.

"Hilo?" Akachambua kwenye kopo kwa kidole kimoja. "Hilo linatumia hii. Thelathini na tano. Magari yote ya namna hiyo yanatumia hii. Unataka ya wapi kwenye gari?"

Hapo ndipo ningesema ni ya kipaza sauti. Lakini nilijiuliza huyu anataka kujua ya nini. Dukani kulikuwa na watu wawili watatu wamekaa kwenye magunia, na kipaza sauti kilikuwa mali ya serikali. Nikamjibu, "Ya kwenye gari." Akafungua mikono kama kusema basi, hiyo ndiyo, akanifungia kwenye kipande cha gazeti.

Niliiweka pale pale sokoni, gari likiwa kivulini. Kichupa kiliingia kwenye kikasha cha fundi kama vile kilitengenezewa, kwa sababu urefu ni uleule. Nikashika kinasa sauti nikapiga kelele "Haloo" kwa nguvu zangu zote, kuku wakatawanyika, mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akanitukana. Haikukatika.

Wiki tatu nzima haikukatika. Sista alipaza atakavyo, na kidogo kidogo akina mama wa Titye wakaanza kutoka, kwanza wazee, halafu wenye watoto. Nami nikaenda kwa Bwana Afya, mkubwa wetu, nikamwambia nilichokuwa nimekwisha kuamini: kwamba yule Mrundi alikuwa anatupa fyuzi mbovu kwa makusudi, na kwamba nimenunua nzuri kwingine na sasa kila kitu kinakwenda. Bwana Afya alikuwa mtu wa kuandika. Akaandika. Sikumwambia fyuzi niliyoweka ni ya ngapi, naye hakuuliza.

Siku moja fundi alinikuta kwenye kituo cha mafuta. Akaniamkia kama kawaida yake, "Amahoro," akauliza kipaza sauti kinaendaje.

"Vizuri."

"Fyuzi haiungui?"

"Haiungui."

Akalitazama gari. "Haiungui kabisa?"

"Wewe unataka iungue?"

"Nifungulie boneti nione. Sitagusa."

Nikawasha gari nikaondoka. Kwenye kioo nilimwona amesimama palepale ananitazama, nami nikajisikia mjanja.

Ilikuwa kiangazi, majani yamekauka, watu wanachoma mashamba. Tulikuwa tunatoka Buhigwe kama saa sita mchana. Mbele alikaa sista, nyuma alikaa mama mmoja na mtoto wake mwenye homa kali, tunawapeleka hospitali. Nikasikia harufu ya kuungua. Nikasema moyoni ni mashamba. Harufu ikazidi, ikawa ya raba. Sista akavuta miguu yake juu ya kiti.

"Dereva, kuna moshi."

Ulikuwa unatoka chini ya dashibodi, mweusi, mzito. Nilisimamisha gari nikazima ufunguo. Moshi haukusimama. Kipaza sauti kilikuwa kimezimwa kwa swichi tangu Buhigwe, na bado moshi ulitoka. Waya ule ulikuwa unatoka moja kwa moja kwenye betri, haukujali ufunguo wala swichi. Nilifungua boneti, nikauona umevimba na kutoa mapovu kama mafuta ya kukaangia, nikaushika kwa mkono mtupu nikauvuta mpaka ukang'oka kwenye betri. Plastiki yake ilibaki kiganjani mwangu. Sista alikuwa anatupa mchanga ndani kwa beseni la kuoshea vidonda.

Moto ukazimika kabla haujafika kwenye viti. Yule mama alikuwa ameshateremka, yuko mbali barabarani na mtoto kifuani. Nikamwita arudi, tukae tu kidogo, nitatengeneza. Alinijibu kwa Kiha kwamba hata nikimfunga kamba harudi ndani ya kitu kile. Sista hakubishana naye. Alichukua chupa ya maji na dawa ya homa, akafunga kitambaa mkononi mwangu, akamfuata yule mama, na wakatembea kwa miguu mpaka Kasulu wakipokezana mtoto. Walifika jua linaelekea kushuka. Mtoto alipona. Hilo ninalisema mapema, kwa sababu miezi mingi baadaye nilikuwa bado naamka nikihesabu ile safari yao.

Nilibaki peke yangu na gari. Nikafungua kikasha cha fundi. Kilikuwa kimelainika na kupinda upande mmoja. Nikaitoa fyuzi yangu ya Kibondo. Kioo chake kilikuwa safi. Uzi wake mzima. Kila kitu kilichotakiwa kulindwa kilikuwa kimeungua, na yenyewe ilikuwa nzima kama siku niliyoinunua. Nadhani nilielewa wakati ule ule, siwezi kusema sikuelewa. Tundu lile la bati lilikuwa limekula raba kwa mitikisiko, waya ukabaki wazi ukagusa chuma, na fyuzi ya kumi ingekatika papo hapo, tungelaani kidogo na kuendelea na safari. Ya thelathini na tano iliacha umeme upite mpaka waya wenyewe ukawa ndio fyuzi.

Kwenye kisahani cha majivu cha gari nilikuwa nimeweka zile za kumi zilizoungua zamani. Nikachukua moja nikaichomeka kwenye kikasha. Ile nzima nikaitia mfukoni.

Bwana Afya alinisikiliza nikiwa na mkono umefungwa, akaamini mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwandalia cha kuamini. Kesho yake asubuhi fundi aliitwa ofisini. Alikuwepo askari mmoja na ofisa mmoja wa mji aliyeshughulikia habari za wakimbizi. Gari lilikuwa limevutwa mpaka uwanjani. Wakamwambia atazame kazi yake.

Alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha dereva, akafungua boneti. Alitazama waya kuanzia kwenye betri, akatia kidole kwenye tundu la bati. Kisha akafungua kikasha akaitoa fyuzi niliyochomeka. Akaishika muda mrefu. Kikasha kilikuwa kimeyeyuka na kuingia masizi, lakini kioo cha ile fyuzi hakikuwa na masizi hata chembe kwa nje, na vikofia vyake vya chuma viking'aa. Mtu yeyote wa kazi ile angeona haikuwamo humo moto ulipowaka. Akainua macho akanitazama. Sikuwa na mahali pa kuweka yangu.

"Sema," ofisa akamwambia. "Hii ni kazi yako au si yako?"

"Ni yangu."

"Kwa nini imeungua?"

Akairudisha fyuzi kwenye kikasha, taratibu. "Waya umesuguliwa na bati. Nilipaswa kuweka raba nene zaidi."

Ofisa akamdai karatasi yake ya ukimbizi, akaikunja akaitia kwenye faili, akamwambia itaangaliwa, na kwamba kuanzia siku ile asiguse gari la serikali. Fundi akavaa koti lake akaenda zake kwa miguu.

Unaweza kudhani nilishusha pumzi. Nilishusha, kama kwa saa moja. Halafu nikaanza kujiuliza kwa nini amenyamaza. Aliona, nilijua aliona. Mtu akiona kitu kama kile na asiseme, si anakiweka? Anakiweka kwa siku gani? Nilimwona kila mahali juma lile. Nilimwona sokoni nikageuza njia. Sista aliponibadilishia bandeji aliniuliza mbona natetemeka, nikasema ni kidonda.

"Kidonda hakitetemeshi mguu," akasema, akaendelea kufunga.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, nilikwenda kwake. Mkewe alikuwa anamenya mihogo mlangoni. Aliponiona alisimama akaingia ndani na kisu chake. Fundi alinipa kigoda. Sikukaa.

"Unataka nini kwangu?" nikamwambia.

"Wewe ndiye umekuja, mwene wacu." Aliniita ndugu yake, kama tunavyoitana sisi.

"Uliona. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, wangemwamini nani?" Alisema bila hasira, kama anayesoma ile namba kwenye kijitabu. "Dereva wa serikali amesema hivi, Mrundi amesema vile. Wangenipiga kwanza. Kusema waya wangu ni mbaya ilikuwa nafuu." Kisha akanyoosha mkono. "Lakini nataka kuiona. Ile iliyokuwamo."

Nilikuwa nayo mfukoni. Nilikuwa natembea nayo wiki nzima, sijui kwa nini sikuitupa chooni. Nikampa. Aliposoma kikaratasi alipiga ulimi mara mbili.

"Nani alikupa?"

Nikamweleza habari ya Kibondo, na kwamba mwenye duka aliuliza ni ya wapi kwenye gari nami sikumwambia.

"Basi hakukosea. Alikupa ya gari." Akaingia ndani akatoka na kopo la chai. Humo mlikuwa na fyuzi za aina nyingine, vijiti vyeupe vya kigae vyenye ukanda wa chuma pembeni. Alitoka nazo kwao, alisema, mfukoni mwa suruali, siku ambayo watu walikuwa wanabeba watoto na magodoro. "Mimi kazi hii niliisomea Usumbura, mji mkuu wa kwetu, kwenye magari yenye hizi. Hii imeandikwa nane. Maana yake inabeba ampea nane asubuhi mpaka jioni. Namba ni ya mzigo. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Hizi zenu za kioo, namba si ya mzigo. Namba ni ya kufa. Imeandikwa kumi, ikifika kumi inakatika. Lakini ya kubeba siku nzima ni tano tu. Sikujua. Nimeijua juzi, baada ya kufukuzwa ofisini. Nimekaa hapa na betri mbovu na balbu za taa, naongeza balbu moja moja, naziua fyuzi zangu mwenyewe kuona zinafia wapi." Akanionyesha chini ya benchi, kweli kulikuwa na vichupa vilivyoungua kama saba, vimepangwa. "Ile saba ya kijitabu ni ya wastani. Sista akiongea polepole, chombo kinakula nne. Akipiga kelele kinafika tisa, kinagusa kumi. Ndiyo maana ilikuwa inakufa akipaza sauti. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ndogo. Kosa la kwanza ni langu."

Nikamuuliza inayofaa ni ipi.

"Kumi na tano. Ya kioo iliyoandikwa kumi na tano inabeba saba na nusu siku nzima, kelele za muda mfupi inazivumilia, na waya ule unaiweza. Juu ya hapo waya unaanza kuumia kabla ya fyuzi." Akanirudishia ile ya thelathini na tano. "Ungeniachia gari siku ile moja ningeliona hili mapema."

Alisema hivyo tu. Nilitegemea aendelee, aniambie sasa utanifanyia hiki au kile. Nilisubiri sana. Alifunika kopo lake, akaniuliza mkono wangu unaendeleaje.

Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Afya kabla hajavua kofia. Nilimwambia yote, ya Kibondo, ya kisahani cha majivu, ya mfukoni. Hakupiga meza. Alifungua daftari lake akatafuta ukurasa aliokuwa ameandika maneno yangu ya kwanza, akausoma, akaukata kwa mstari mmoja mrefu. Aliniondoa kwenye usukani kiangazi chote kilichobaki. Nilichota maji na kuchemsha sindano chini ya sista, ambaye kwa siku kumi hakunisemesha isipokuwa kwa kidole. Siku ya kumi na moja aliniambia, "Mimi nilitembea, kwa hiyo miguu ni yangu. Yule mtoto hakuwa na miguu." Halafu akanipa ndoo.

Fundi aliitwa tena kufunga waya mpya. Safari hii aliachiwa gari uwanjani siku nzima. Alivalisha tundu raba mbili, moja juu ya nyingine, akaweka fyuzi ya kumi na tano, akamwomba sista apige kelele kwa nguvu zake zote. Sista akasimama katikati ya uwanja wa hospitali akapaza, "Akina mama, msikimbie!" Watu wa mjini wakatoka madukani mbio kuja kuona ni nani anakimbia. Akarudia mara tano, sita, mpaka wagonjwa wakachungulia madirishani. Haikukatika. Fundi akacheka, mara ya kwanza nilipomwona akicheka, akiwa amefunika mdomo kwa mkono.

Lakini karatasi yake haikurudi. Bwana Afya aliiulizia, ofisa akasema imekwenda Kigoma pamoja na za wengine. Masika yalipokwisha yakaja malori. Wakimbizi waliokuwa wametawanyika mjini walitakiwa kwenda kwenye makazi yaliyotengwa kwa ajili yao, mbali, upande wa kusini. Jina la fundi lilikuwamo.

Nilimuuliza Bwana Afya kama ni kwa ajili ya yale maneno yangu.

"Orodha ilikuwapo kabla gari lako halijaungua," akasema.

"Una hakika, mzee?"

Aliendelea kuandika. Hakuinua uso. Na mimi, niliyekuwa nimemshuku kila mtu kwa jambo lisilokuwapo, sikuwa na njia ya kujua kama hapo palikuwa na kitu au la.

Nilikwenda kwenye malori asubuhi. Fundi alikuwa ameshapandisha benchi lake, miguu yake ikielekea juu. Alinishika mkono, ule uliopona, akageuza kiganja akatazama kovu, akasema limefunga vizuri. Akaniambia raba za lile tundu zitazamwe kila baada ya masika. Nikamwahidi. Mkewe alikuwa amekaa ndani ya lori juu ya fungu la nguo, mtoto mdogo magotini. Nikamnyooshea mkono na yeye kumuaga. Aliutazama. Akamhamisha mtoto kutoka goti moja kwenda jingine, akageuza uso upande wa barabara, akabaki hivyo mpaka lori likawashwa.

Sikumlaumu. Nilishuka kwenye ngazi ya lori, nikarudi hospitali, kwa sababu sista alikuwa na safari ya Titye saa tatu na sanduku la barafu lilikuwa bado halijapakiwa.